Shule za mashambani Hola zamhitaji mzazi, si mfuko wake pekee

MZAZI wa mashambani katika Kaunti ya Tana River huitwa shuleni kwa mambo matatu: mchango unapotakiwa, mtoto anapokosa adabu, na matokeo ya mtihani yanapokuwa mabaya. Mara zote tatu huenda akijua kwamba ataketishwa asemwe. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi hutuma mtu mwingine au hawaendi kabisa, nao walimu wakahitimisha kuwa watu wa huku hawajali elimu.

Lawama hiyo imezoeleka mno hata imekuwa jibu la kila swali kuhusu shule za maeneo kame. Inaficha jambo moja. Mzazi huyo ameulizwa mara nyingi alicho nacho mfukoni. Ni nadra kuulizwa anachokijua kuhusu mtoto wake, mto wake na mwaka wake.

Hola, makao makuu ya kaunti hiyo, imo katika eneobunge la Galole, kando ya Mto Tana. Kwa Wakenya wengi jina hilo hukumbusha tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Mau Mau walipopigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kushurutishwa. Mradi wa unyunyizaji mashamba ulioanzishwa hapo mwaka 1953 kwa jasho la wafungwa ulidumu hadi 1989, mto ulipohama mkondo wake na kuyaacha mashamba bila maji. Ilichukua miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika nchi hii ya Wapokomo, Waorma, Wardei, Wamunyoyaya, Wamalakote na Wata: mto ndio wenye kalenda, na serikali hufuata nyuma.

Tatizo ni kwamba shule inayo kalenda nyingine. Mwaka wa masomo huanza Januari. Muhula wa kwanza huangukia kiangazi kikali, wakati wafugaji huhamisha ng'ombe kufuata maji na malisho, wengi wao wakielekea mtoni kupitia njia za mifugo ziitwazo malka, au wakishuka hadi kwenye delta upande wa Garsen. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, masika yanaposhika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Maji hayo hujaza mabwawa ya Masinga, Kiambere na mengine, kisha hushuka na kufurika nyanda za chini hata kama Hola kwenyewe hakujanyesha tone.

Kwa mkulima wa Kipokomo, mafuriko ya kiasi ni neema. Maji yakipungua, udongo hubaki na unyevu, na hapo hupandwa mpunga, mahindi na migomba. Punje za mpunga zinapoanza kujaa, watoto ndio wanaotumwa kuamia ndege. Mwalimu aliyetoka mbali humwona mtoto aliyekosa wiki mbili kuwa mtoro. Mwalimu anayeijua kalenda ya mto huuliza mapema ni familia zipi zina mpunga mwaka huu, zipi zitahama na mifugo, na ni mtoto yupi anaweza kuachwa kwa shangazi ili asikatize masomo. Swali hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa kuuliza na mtu anayeamini kwamba jibu lake halitageuzwa kuwa shtaka.

Mwaka 2024 Wizara ya Elimu iliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka 29 Aprili hadi 6 Mei, na hatimaye shule zikafunguliwa 13 Mei. Kwa nchi nzima, hizo zilikuwa wiki mbili. Kwa baadhi ya vijiji vya ukingoni mwa Tana, tarehe ya Nairobi haikuwa na maana, kwa kuwa maji yalikuwa bado hayajaondoka na familia zilikuwa zimehamia nyanda za juu. Habari za elimu zinazotufikia kutoka huko huwa za aina mbili, shule iliyozama na matokeo yaliyoanguka. Kati ya hizo mbili kuna mwaka mzima ambao haumo magazetini, na ni katika mwaka huo ambamo ushirikiano hujengwa au hukosekana.

Ni vyema kukumbuka uhusiano wa mzazi na shule ulitoka wapi. Katika enzi za Harambee, wazazi kote nchini walijenga madarasa kwa mikono na michango yao. Shule ilikuwa yao kwa sababu matofali yalikuwa yao. Serikali ilianza kuondoa karo katika wilaya kame mwaka 1971, lakini ada za ujenzi na nyinginezo zikarudi kwa mlango wa nyuma. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo, na kila mwanafunzi akatengewa Sh1,020 kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Hatua hiyo iliwafungulia mlango watoto wengi wa Tana River ambao vinginevyo wangebaki malishoni. Hata hivyo, neno "bure" lilieleweka na wazazi wengi kuwa serikali imeichukua shule yake, na kila kitu ndani yake ni jukumu lake. Kamba pekee iliyomfunga mzazi na shule ilikuwa ya fedha. Ilipokatwa, hapakuwa na nyingine.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilijaribu kusuka kamba nyingine. Kwa sheria hiyo, kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kila darasa lina mwakilishi katika kamati yake. Kazi za chama hicho zimetajwa: lishe na afya ya wanafunzi, uhusiano mwema baina ya walimu na wazazi, nidhamu, na miradi ya maendeleo. Juu yake ipo bodi ya usimamizi, ambayo mwalimu mkuu ni katibu wake. Ndani ya bodi hiyo mna wazazi sita waliochaguliwa, wawakilishi watatu wa mfadhili wa shule, na wengine mmoja mmoja wa walimu, wa bodi ya elimu ya kaunti, wa makundi maalumu na wa watu wenye mahitaji maalumu.

Sita ni wengi kuliko kundi lingine lolote mezani. Kwenye karatasi, basi, mzazi ndiye mwenye sauti kubwa. Katika mkutano wenyewe mambo ni tofauti. Kumbukumbu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hesabu husomwa haraka, na mzee aliyechaguliwa kwa heshima yake kijijini hupewa kalamu atie sahihi. Sheria haimkatazi mwalimu mkuu kueleza hesabu kwa Kiswahili, au kwa Kiorma kupitia mkalimani, wala kusoma kwa sauti fedha zilizopokewa na zilivyotumika mbele ya watu wasioweza kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Shule inayofanya hivyo hupata kitu ambacho mchango hauwezi kununua, nacho ni mzazi anayejua kwamba hakufichwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika gredi za chini mwaka 2019, uliutaja ushirikishwaji wa wazazi kuwa mojawapo ya nguzo zake. Wazo lilikuwa jema. Lakini lilipofika nyumbani lilikuwa limegeuka kuwa orodha ya vitu vya kununua na kazi za mikono ambazo mzazi alizifanya usiku ili mtoto asiaibike asubuhi. Malalamiko hayo yalifika hata mbele ya jopo la marekebisho ya elimu lililoundwa mwaka 2022 chini ya Profesa Raphael Munavu. Kwa mama wa kijijini karibu na Hola, ambaye duka la vifaa vya kuandikia liko mwendo wa saa kadhaa, kudaiwa karatasi za manila ni mchango uliobadilishwa jina.

Kuna njia nyingine ya kumshirikisha mzazi, na imejaribiwa. Mapema miaka ya 1990, katika jiji la Tucson, Arizona nchini Marekani, mtaalamu Luis Moll na wenzake waliwatuma walimu wa shule za msingi katika nyumba za wanafunzi wenye asili ya Mexico. Walimu hawakwenda kushitaki wala kushauri. Walikwenda kujifunza. Walikuta watu waliodhaniwa hawana elimu wakiwa na ujuzi mkubwa wa kilimo, ujenzi, ufugaji, biashara na dawa za miti. Walirudi darasani na kutunga masomo kutokana na ujuzi huo, na wazazi wengine wakaingia darasani kufundisha.

Mwalimu wa Hola akifanya ziara kama hiyo atapata nini? Atamkuta mvuvi anayesoma mto kwa rangi ya maji na kasi ya magugu yanayoelea. Atamkuta fundi wa mtumbwi anayekadiria mzigo ambao gogo litabeba kabla ya kulichonga, jambo ambalo kitabu cha sayansi hulitumia kurasa mbili kulieleza. Atamkuta mfugaji wa Kiorma anayemjua kila ng'ombe kwa rangi, pembe na ukoo wake, na anayehesabu siku kati ya malka moja na nyingine kwa kutazama uwezo wa ndama dhaifu kuliko wote. Na somo la mazingira kuhusu mathenge, mti ulioletwa katika miradi ya Bura na Hola miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na sasa umefunga njia na malisho, haliwezi kupata mwalimu bora kuliko mzee aliyeyaona malisho hayo kabla ya mti huo kufika.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Watoto wa Kenya huimba wimbo wa taifa mstarini bendera inapopandishwa. Wachache huambiwa kwamba sauti ya wimbo huo ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua na kuutungia maneno mapya. Nyumba za Tana zimekwisha kulifundisha taifa zima kuimba, na bado mama wa eneo hilo akifika langoni mwa shule huulizwa ameleta nini.

Suala la lugha ni zito zaidi. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mtoto wa Kipokomo anayeingia gredi ya kwanza husikia maneno mengi anayoyatambua. Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kiborana na Kioromo cha Ethiopia, na mtoto wa Kiorma aliyelelewa mbali na mji huketi kando ya mwenzake akiwa hajui hata neno la kuombea ruhusa ya kwenda nje. Sera ya elimu inataka gredi za chini zifundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Iwapo mwalimu aliyeajiriwa haijui lugha hiyo, sera hubaki kwenye makabrasha. Mama, shangazi au kaka aliyemaliza shule anaweza kuketi darasani asubuhi chache za mwanzo wa mwaka na kuwa daraja. Shule ikimwita kwa kazi hiyo, atakuja na kichwa kilichoinuka.

Lakini mzazi asiyejua kusoma atajuaje kama mwanawe anaendelea? Jibu lilionyeshwa na tathmini za Uwezo zilizoanza nchini mwaka 2009. Wachunguzi hawakwenda shuleni tu. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto aya fupi ya kiwango cha darasa la pili, naye akaisoma mzazi akisikiliza. Ripoti za miaka ile ya kwanza zilionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuimudu kazi ya darasa la pili. Wazazi walikuwa wameziona ripoti za muhula zikiwa na alama na sahihi. Hawakuwa wamesikia mtoto akikwama katika sentensi ya tatu.

Hilo laweza kufanywa bila shirika lolote. Katika mkutano wa wazazi, badala ya hotuba ya saa mbili, kila mtoto wa gredi ya tatu amsomee mzazi wake hadithi fupi pembeni, chini ya mti, bila kipaza sauti na bila kushindanishwa. Baada ya hapo mzazi ana jambo la kumuuliza mwalimu. Nyumbani anaweza kumwambia mtoto asimulie alichojifunza leo, au kufungua daftari na kutazama kama kurasa mpya zinaongezeka na kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita juu yake. Mambo haya hayahitaji cheti. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi kwa sababu ya janga la corona na wanafunzi wengi wasirejee hadi Januari 2021, watoto waliokuwa na mtu wa kuwauliza nyumbani walikuwa na tegemeo fulani. Masomo ya redio na intaneti hayakuwafikia wote.

Mahali na saa za mikutano nazo si jambo dogo. Mkutano wa saa tatu asubuhi humkosa mama aliye shambani au kisimani na baba aliye na mifugo. Ijumaa mchana humkosa Mwislamu, na sehemu kubwa ya wakazi wa Hola ni Waislamu. Siku ya soko, jioni, au baada ya baraza la chifu huwakuta wengi wakiwa wamekwisha kukusanyika. Mwalimu wa madrasa, ambaye watoto wengi hufika kwake kabla ya kwenda shuleni, anajua ni nani hakuonekana wiki hii na kwa nini. Kumwacha nje ya mazungumzo ni kujinyima taarifa zilizo karibu.

Lipo pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Msichana aliyefanya vizuri mwezi wa Oktoba asipoonekana Januari, huenda amekeketwa au ameozwa wakati wa likizo ndefu. Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, lakini bado upo katika baadhi ya jamii za kaunti hii. Mwalimu anayefika nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na chifu na polisi atafungiwa mlango. Anayejulikana pale, aliyewahi kunywa chai na nyanya wa msichana huyo, ana nafasi ya kusikilizwa kabla ya jambo kutendeka. Sheria ni lazima ifuatwe. Ila sheria hufika ikiwa imechelewa mahali ambapo hakuna aliyetoa habari.

Kumbukumbu za mapigano ya 2012 na mapema 2013 katika delta ya Tana hazijafutika. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika uhasama wa Wapokomo na Waorma, na familia nyingi zilihama. Wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na wa Matadeda upande wa Waorma wana mabaraza yao ya kusuluhisha migogoro ya mashamba na malisho. Shule yenye watoto wa jamii zote mbili ni mahali pa nadra ambapo wazazi hao hukutana wakiwa na shauri moja lisilohusu ardhi. Bodi ambayo viti vyake sita vya wazazi vimeshikwa na upande mmoja pekee huipoteza nafasi hiyo, na mara nyingi huwapoteza watoto wa upande wa pili pia.

Ushirikiano usigeuzwe kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake. Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, na ya msingi ni la serikali ya kitaifa. Mzazi anayetafuta darasa jipya hurushwa kati ya ofisi mbili zilizo katika mji huo huo wa Hola. Shirika la Chakula Duniani lilikabidhi mpango wa mlo wa shuleni kwa serikali ya Kenya mwaka 2018, na tangu hapo chakula kinapochelewa, mahudhurio hushuka. Akina mama wanaweza kuleta kuni na maji na kupika kwa zamu, na wengi hufanya hivyo. Hawawezi kupika gunia ambalo halijafika.

Tangu Januari 2023, gredi za saba hadi tisa ziko ndani ya ua wa shule za msingi. Mtoto anayeanza chekechea katika ua huo akiwa na miaka minne atakaa hapo kwa muda wa miaka 11. Ni muda wa kutosha mwalimu na mzazi kujuana, mradi mmoja wao aanze. Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi wa Machi, kabla ya muhula wa kwanza kufungwa na kabla ya maji kushuka. Mwalimu mkuu akiitisha kikao wakati huo, anahitaji kuondoka na majibu machache tu: familia zipi zitahamia wapi mto ukifurika, ni nani mwenye mtumbwi, simu ya nani hushika mtandao huko, na ni mzazi yupi au kijana yupi aliyesoma atakayekaa na watoto na vitabu vyao hadi barabara ifunguke.